Upande wa Pili wa Meza

Mimi ndiye niliyesema yule mtoto hana kichwa cha shule. Nalitanguliza hili mapema ili mtu asije akanihurumia njiani. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuwa mgonjwa siku hiyo. Mama yake aliniuliza, nikajibu, na jibu langu ndilo lililomtoa darasani akiwa na miaka minane.

Nafundisha watoto wadogo kusoma na kuandika katika shule moja ya serikali hapa Kisumu, upande wa Obunga. Ni miaka kumi na tisa sasa. Watu wakisikia hivyo hunipa pole au hunisifu, na yote mawili yananikera, maana wanaosema hivyo watoto wao wanasoma Milimani, darasa la watoto ishirini, kila mmoja na kitabu chake na penseli zake za rangi. Darasa langu mwaka huo lilikuwa na watoto sabini na wanane. Vitabu vya kusoma vilikuwa kumi na vitatu. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nilishachoka kuifanya.

Zamani madawati yetu yote yalitazama ubao. Mtaala mpya ulipokuja tuliitwa semina, tukapewa soda na kalamu, tukaambiwa watoto wakae kwa makundi, waangaliane, wajadiliane. Wazo zuri. Ila aliyelitoa hakuwa amehesabu vitabu. Tulirudi tukasukuma madawati, tukayaunganisha mawili mawili yakawa meza, na katikati ya kila meza tukaweka kitabu kimoja kwa watoto sita. Kwenye meza nyingi ilikuwa vita. Kitabu kilivutwa huku na huku, kikazungushwa, watoto wakahama viti, wakakanyagana, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Meza moja tu ilikuwa na amani, ile ya mwisho karibu na mlango. Wageni wakija niliwapeleka hapo kwanza.

Msichana ninayemzungumzia aliingia Gredi ya Kwanza akinuka mafuta ya samaki. Wacha niseme bila kupaka rangi. Mama yake alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu ya kupeleka ng'ambo, na chumba chao kilikuwa hapo hapo penye karai. Sare ilifuliwa, ikaanikwa penye moshi, ikarudi na harufu ile ile. Watoto wenzake wakaanza kuziba pua. Hao wote ni watoto wa Obunga, nusu yao walikula huo mgongo wazi jana yake usiku na ugali, lakini kumcheka mwenzako hakuhitaji sababu.

Kesi zilinichosha. Kila asubuhi, mwalimu, huyu ananuka; mwalimu, huyu hataki kusonga. Siku moja nikaamua. Nikamweka kwenye ile meza ya mlangoni, peke yake upande mmoja, mgongo wake ukielekea ubao. Upande wa pili wakabanana watoto wanne kwenye benchi na wa tano akajibana pembeni yao. Kitabu kikalazwa katikati, kikiwaelekea wale watano kwa sababu wao ndio walikuwa wengi. Yeye hakulalamika. Aliweka mfuko wake wa plastiki miguuni, akakunja mikono juu ya meza, akawatazama wenzake. Kesi zikaisha, nikajipongeza kwa busara.

Katika shule yetu mwalimu hupanda na darasa lake, kwa hivyo nilikuwa naye miaka miwili, Gredi ya Kwanza na ya Pili. Miaka miwili hakutoka kwenye kiti kile. Hakuna aliyemnyang'anya, nani angekitaka?

Mtoto mmoja wa upande wa pili, msichana mchangamfu mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyekuwa akifuata maneno kwa kidole huku wengine wakiimba nyuma yake. Ndivyo tunavyosoma, kwa kuimba. Ukiwa na watoto sabini na wanane huna nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja. Unasikiliza bahari, si samaki.

Nikaja kwenye kuandika, na hapo huyu mtoto akanishinda kabisa. Wenzake walianza juu ya ukurasa. Yeye alianza chini, kwenye kona ya kulia, akapanda kama mtu anayepanda ngazi kinyumenyume. Herufi zake sikuzijua. Nilikuwa nikisahihisha madaftari wakati wa chai, kikombe mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono mwingine, na lake nililipa sekunde tatu. Alama kubwa ya kosa kutoka pembe hadi pembe, na neno moja, Rudia. Nilimwita mezani kwangu nikamwambia aanze juu kama watu. Akaanza juu, akatoa mambo mabaya zaidi. Nikamwambia tena. Baada ya muda akaacha kuandika darasani, akawa anachora makarai na samaki pembezoni mwa ukurasa, na mimi nikaacha kumwita.

Kulikuwa na siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka mwili unanisisimka kwa aibu. Yule mtoto wa kidole alikuwa mgonjwa, malaria, hakuja. Tulikuwa tunasoma ukurasa wa safari ya sokoni. Meza ya mlangoni ilipofika zamu yake, wale wanne wakabaki wanakohoa na kuangaliana. Kisha sauti moja ikaendelea. Ilikuwa nyembamba lakini safi, ikapita neno kwa neno, ikavuka mstari, ikashuka hadi nukta ya mwisho ya ukurasa. Nikageuka. Ni yule wa harufu. Macho yalikuwa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kimeelekea wenzake, kwa hivyo sikuwa na shaka kwamba anatoa kichwani alichosikia wakiimba.

Nikasema, "Ehe, leo kasuku wetu ameamka."

Darasa likaangua kicheko. Jina likamganda. Hata mwalimu mkuu alikuja kulitumia, na mimi niliipeleka hadithi hiyo kwenye chumba cha walimu, nikaiigiza na mabawa, tukacheka na chai ikamwagika.

Kila muhula tulipima kusoma. Mtoto anakuja mezani kwako, unampa kadi yenye kifungu kifupi, unatazama saa, anasoma kwa dakika moja. Huyu alikuja mara ya kwanza, akapokea kadi, akaigeuza. Nikamwambia, "Shika vizuri." Nikaigeuza mwenyewe kwa mkono wangu, nikaiweka sawa. Akaitazama kadi dakika nzima bila kutoa neno. Muhula uliofuata akaigeuza tena. Sheria imekataza viboko na mimi sikuwa nachapa. Nilikuwa nagonga vidole tu, kwa rula. Nilivigonga, nikaiweka kadi sawa, nikamwandikia sifuri. Mara ya tatu hakuigeuza. Aliishika kwa mikono miwili, wima, viwiko vimebanwa mbavuni, jinsi ninavyotaka, akatazama mpaka dakika ikaisha. Kwenye ripoti nikaandika kwamba ameimarika kwa nidhamu.

Sasa nifike siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka. Mama yake alikuja ofisini amevaa leso safi na viatu vya kanisani. Nilikuwa na rundo la ripoti kifuani. Nikamsalimu kwa Dholuo ili mambo yaende haraka, akakataa, akajibu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu lilikuwa jambo la ofisi. Aliniambia dada yake anaishi ufuoni huko upande wa Bondo, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, amejifungua na hana wa kumsaidia. Amemwomba huyu msichana. Yeye amekataa mara mbili. Alitaka angalau mmoja nyumbani kwake ajue kusoma, hata awe ni wa kumsomea kadi ya kliniki tu. Lakini ameona ripoti zinarudi na sifuri, na watoto wanamwita jina la ndege.

Akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Wewe ndio unajua. Hii mtoto iko na kichwa ya shule ama haina? Ukisema iko, itakaa. Ukisema haina, wacha iende isaidie dada yangu."

Ningeweza kumwambia anipe muhula mmoja. Ningeweza kumwita mtoto pale pale, nikaketi naye nusu saa, kitu ambacho sikuwa nimefanya hata siku moja kwa miaka miwili. Mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni, anachezea komeo, anasikia kila neno. Lakini nilikuwa na ripoti sabini na nane, jua lilikuwa kali, na kichwani nilijiona mtu mkweli anayeheshimu mzazi kwa kutomdanganya.

"Mama, nisikudanganye," nikasema. "Nimejaribu miaka miwili. Hana."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante kwa ukweli, akamwita binti yake wakaondoka. Jina lake halikuwepo kwenye orodha ya Januari. Nililiona pengo lile nikahisi nafuu, kwa sababu nilipata kiti cha mtoto mwingine.

Mwezi wa pili, Ijumaa moja nikitoka kazini, nikapita kwa yule mama kununua samaki. Alinichagulia kipande chenye nyama shingoni, akaniongezea kingine, akasema mwalimu lazima ale vizuri. Akafunga kwa karatasi kama wanavyofunga wote, karatasi ya daftari la zamani. Nikaenda nyumbani, nikafungua juu ya meza, nikakata limau. Karatasi ilikuwa imeloa mafuta, na penye mafuta penseli ilikoza zaidi. Nikaitambua kazi hiyo mara moja. Mistari imeanzia chini, kona ya kulia. Hata leo unanifuata na vitu vyako, nikasema moyoni, na nikacheka kidogo.

Chumvi ilikuwa rafuni upande wa pili. Nikazunguka meza kuichukua. Nilipotazama mezani nikiwa upande huo, karatasi ikasomeka.

Ilisomeka yote. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za mtoto, kubwa na zilizoyumba, lakini herufi kamili, maneno kamili, nukta mahali pake. Mama anakaanga samaki. Mimi nachota maji. Mtoto wa jirani analia. Mwalimu anasema mimi sijui.

Nikakaa chini. Hayo maneno hayakuwa kwenye kitabu chetu, wala hayakuimbwa na mtu, ni yake, ameyatunga na kuyaandika mwenyewe nyumbani, kwenye daftari ambalo hakuniletea. Kitabu cha darasani alikiona kichwa chini miguu juu kila siku kwa miaka miwili, ubao ukiwa nyuma yake, na akajifunza hivyo hivyo, kutoka kwenye kidole cha mwenzake kilichotembea kinyume chake. Alijua kusoma. Alijua kuliko nusu ya darasa langu. Kadi alizigeuza ili asome, mimi nikazirudisha. Jamani, kwa mkono wangu nilizirudisha, na vidole vyake nikavigonga. Nililia, na sikulia kwa kumhurumia yeye tu, nililia pia kwa kuogopa kwamba watu watajua.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilikwenda na ile karatasi hadi penye karai. Mama alikuwa akigeuza samaki. Nikamweleza, nikaigeuza karatasi mbele yake mara mbili, tatu, lakini kwake ilikuwa sawa kila upande. Ikabidi nimsomee. Nilimsomea yote isipokuwa mstari wa mwisho. Akaniuliza huo wa mwisho unasema nini, maana aliona kidole changu kimeishia kabla, na nikamsomea na huo.

Akageuza samaki wengine wawili.

"Kwa hivyo ilikuwa inajua," akasema.

"Alikuwa anajua."

"Lakini mwalimu, ulisema haina."

"Nilisema."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane, anirushie hata mwiko. Hakufanya hivyo. Alieleza taratibu, kama anayeniomba radhi, kwamba mtoto hawezi kurudi sasa. Dada yake amemtegemea, mtoto mchanga amemzoea, na kumtoa kutaleta maneno kati ya ndugu wa tumbo moja. Labda mwaka ujao. Sote wawili tulijua labda hiyo ni ya namna gani. Daftari lenyewe lilikuwa limebaki kurasa chache. Nilimwomba nilichukue, akanipa, akaanza kufungia wateja kwa gazeti.

Jumatatu niliyarudisha madawati ya darasa langu kwenye safu, yote yakatazama ubao. Ofisa wa elimu akapita wiki iliyofuata, akauliza kwa nini nakaidi mtaala. Nilianza kumweleza, nikaona macho yake yamekwenda kwenye saa. Mwalimu mkuu akanivuta kando, akanisihi nisiiandike stori hiyo popote, itaiharibia shule. Jioni hiyo tuliyarudisha madawati kuwa meza. Siku hizi nawahamisha watoto viti kila Jumatatu, na kitabu nakizungusha mwenyewe. Wengi bado hawasomi. Hao hawasomi kutoka upande wowote, na sijui la kuwafanyia.

Likizo ya Aprili nikapiga moyo konde. Nilikwenda soko la Kibuye kwenye vitabu vya mitumba, nikachambua rundo mpaka nikakipata kitabu kile kile cha Gredi ya Pili, jalada limeng'oka lakini kurasa zipo. Nikaelekezwa na mama yake, nikafika kule ufuoni asubuhi.

Mama wa Kiluo hana haraka na mgeni. Huyu, ambaye kwa mtoto ni mama mdogo, alinipa kiti cha plastiki na chai, akamsifu sana msichana. Hasumbui, akasema, na akiambiwa kitu mara moja inatosha. Kuhusu shule alisema iko mbali na mtoto mchanga bado hajaanza kutambaa. Kisha akamwita.

Alikuja kutoka kwenye nyavu za omena, mtoto mgongoni, fagio mkononi. Alikuwa amerefuka. Aliponiona aliweka fagio chini akasimama wima, mikono nyuma, akanisalimu kama tunavyofundisha wamsalimu mgeni wa darasa. Nilijaribu kumwambia samahani. Ilinitoka vibaya, kwa maneno marefu ya watu wazima, na akaniitikia "ndiyo mwalimu" kila nilipovuta pumzi.

Basi nikaona nimwonyeshe. Nikapindua beseni lililokuwa uani likawa meza, nikaketi upande mmoja, nikamwambia akae upande wa pili. Nikakifungua kitabu kwenye ukurasa wa safari ya sokoni, nikakilaza juu ya beseni kikinielekea mimi, vile vile kilivyokuwa kwenye meza ya mlangoni.

"Soma," nikamwambia. "Hivyo hivyo kilivyo."

Akakiinamia. Macho yake yakaanza kwenye kona ya chini kulia, yakaenda. Midomo ikatikisika. Niliiona, sikuota, midomo ilitikisika mstari mzima na kuingia wa pili, na furaha ikanipanda mpaka nikajisahau, nikainama mbele ili nisikie.

Akaniona nimeinama. Midomo ikaacha. Alinyoosha mkono, akakishika kitabu, akakigeuza. Akakiinua kwa mikono miwili, wima, viwiko vimebanwa mbavuni, na akavikunja vidole ndani, nyuma ya kurasa, mahali rula isipofika. Akatazama herufi kwa muda kama wa dakika moja.

"Sijui, mwalimu."

Nikamwambia akigeuze tu, asome kwa njia yake, hakuna atakayemgusa. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hapana, mwalimu. Hivyo ni makosa."

Mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia. Akakifunga kitabu, akakiweka juu ya beseni kikiwa kimenyooka upande wangu, akasimama. Akaniuliza kama anaweza kwenda, kwa sentensi kamili, ile ile niliyowafundisha ya kuomba ruhusa darasani, na nikamruhusu.